Maneno ya Dukani Nayo Yapimwe



Leo, ndugu zangu wa Kenyamonta na majirani wa Mugumu na Tarime hapa Mara, sikuja na habari ya siasa wala ya mchango. Nimekuja kama mtu wa nyumbani, tuzungumze juu ya jambo linalopita mikononi mwetu kila siku bila sisi kulipatia uzito: maneno tunayoandika kuhusu biashara zetu.

Nani kati yetu haandiki? Mama muuza dagaa anaweka kwenye status yake kwamba mzigo umefika. Fundi pikipiki ameandika ubaoni kwa rangi nyekundu kazi zote anazozifanya. Mwenye duka la pembejeo anatuma ujumbe kwenye kundi la kijiji. Kijana wa kinyozi anapiga picha ya kichwa alichokinyoa na kuweka maneno mawili chini yake. Hata mzee anayeuza miti yake hubandika karatasi karibu na ofisi ya kata. Wote hao ni waandishi, ingawa hakuna aliyewahi kuwaita hivyo.

Sasa swali langu ni hili: mtu akisoma ulichoandika, anakuamini?

Sisemi kwamba tunadanganya. Watu wetu nawajua. Ukisahau chenji dukani unaipata kesho yake imefungwa kwenye kikaratasi. Shida ni kwamba maneno yetu yamefanana mno na maneno ya matapeli, na msomaji hana njia ya kututenganisha.

Nani hajawahi kuletewa ule ujumbe, "ile hela tuma kwenye namba hii"? Ujumbe huo umeizunguka nchi nzima, umemfundisha kila mwenye simu kushtuka. Kwa hiyo leo wewe mwenye mzigo wako halali ukiandika "Ofa kabambe! Wahi kabla haijaisha! Tuma hela kwanza", mkono wa msomaji unarudi mfukoni. Hukumkosea. Tapeli alitangulia kuyatumia maneno hayo, akayachafua kabla hayajafika kwako.

Na wapo waliofanya makubwa zaidi ya ujumbe wa simu. Mnakumbuka DECI, ule upatu wa hela? Watu walihimizwa wapande mbegu, yaani watoe hela, kisha wasubiri mavuno. Yatazameni maneno hayo: kupanda, mbegu, mavuno. Ni maneno yetu ya shambani, ambayo mkulima akiyasikia moyo unatulia kama yuko chini ya mwembe wake. Serikali ikausimamisha mchezo ule mwaka 2009, na wengi hawakuvuna hata suke moja.

Mimi huwa najiuliza: mkulima wa hapa angeambiwa na jirani, "nimepanda ekari tatu za mtama", angefanya nini? Si angeuliza shamba liko upande gani? Kule DECI hakuna aliyeonyeshwa shamba. Mbegu ilisemwa, mavuno yakasemwa, shamba halikuonekana.

Hapo ndipo ninapotaka tusimame kidogo.

Twendeni mnadani. Umewahi kuona mtu ananunua ng'ombe kwa kusikiliza sifa? Mwenye ng'ombe atasema mengi, na mnunuzi atamwacha aseme, huku mkono wake unafungua mdomo wa ng'ombe kuhesabu meno. Atamzunguka. Atamgusa nundu. Atamwomba kijana amtembeze ng'ombe hatua ishirini aone kama anachechemea. Maneno yote ya muuzaji yanapita hewani kama moshi wa nyama choma ya pembeni.

Lakini lipo andiko moja ambalo mnunuzi halipuuzi: karatasi ya mtendaji wa kijiji. Sisi tunaoishi nchi ya ng'ombe tunaijua karatasi ile na tunajua kwa nini ipo, maana wizi wa mifugo umewaliza wengi. Ina jina la mwenye ng'ombe na kijiji chake. Ina idadi, rangi, jinsia, alama ya chapa au ya sikio. Ina tarehe, sahihi na muhuri. Haina neno "bora". Haina "kabambe". Wala haisemi kwamba ng'ombe huyu atakupendeza.

Na kwa karatasi hiyo kavu, ng'ombe anauzwa.

Kwa nini tunaiamini? Kwa sababu kila neno lililomo unaweza kulikagua ukiwa umesimama palepale. Imeandikwa ng'ombe mwekundu mwenye baka jeupe tumboni. Unainama, unaliona baka. Imeandikwa kijiji fulani. Unampigia simu mtu wa kijiji hicho. Andiko limekupa mahali pa kulishika.

Basi huo ndio wito wangu, na sina mwingine: tuandike kile ambacho mteja anaweza kuja kukikagua.

Tuanze na dagaa, kwa kuwa ndiyo mboga ya wengi wetu. Dagaa wa ziwani wako wa namna nyingi, na kila mama wa hapa anajua. Walioanikwa chini ufukweni huja na mchanga. Walionyeshewa na mvua kabla ya kukauka huwa weusi na wana uchungu. Walioanikwa juu ya chanja huwa wasafi, ukiwaosha mara moja umemaliza. Sasa muuzaji anaandika nini? "Dagaa watamu sana wa Musoma, karibuni nyote."

Watamu kwa ulimi wa nani, mama? Na nani amewahi kuandika kwamba dagaa wake ni wabaya?

Jaribu hivi: "Dagaa wa Musoma, wamefika Jumatano asubuhi. Gunia la kwanza walianikwa kwenye chanja, hawana mchanga. Gunia la pili lina mchanga, linafaa kwa chakula cha kuku, bei yake iko chini. Nipo sokoni mpaka saa kumi na moja jioni."

Unaona kilichotokea? Ule mstari wa gunia la pili ndio utakaouza gunia la kwanza. Mtu akisoma kwamba umekiri mchanga ulipo, ataamini uliposema haupo. Wafugaji wa kuku nao wamejua pa kwenda. Umeandika ukweli mmoja, umepata wateja wa aina mbili.

Najua kuna atakayesema, "Mzee, ukiandika ubaya wa mali yako utakaa nayo." Mimi naona ni kinyume. Mteja akishafika nyumbani na kukuta mchanga kwenye sufuria, je, hatajua? Atajua yeye na watajua majirani wake wote. Wewe chagua tu mchanga huo usemwe na nani kwanza.

Tuje kwenye bei. Vijana wangu, huu mtindo wa "bei njoo inboksi" mmeutoa wapi? Nawauliza kwa upendo. Mtu ameona picha ya kitenge, amekipenda, macho yanatafuta bei, anakuta anaitwa pembeni kama mtu anayeambiwa siri ya ukoo. Wewe unaogopa jirani mwenye duka asikuzidi kwa kushusha, nakuelewa. Lakini mteja anasoma kitu kingine kabisa. Anasoma kwamba bei yake itapangwa kwa kutazama jina lake, simu yake na viatu alivyovaa.

Andika bei. Kama kuna kupunguza, andika "maelewano yapo". Kama nauli ya bodaboda iko juu ya mteja, iandike nayo. Bei iliyoandikwa mbele ya watu wote inamwambia msomaji kwamba mama mjane na mwalimu mkuu watalipa sawa. Hiyo ni heshima kubwa, na haikugharimu chochote.

Na jina. M-Pesa iliingia nchini mwaka 2008, wenzake wakafuata, na leo tumezoea kitu kimoja kizuri: kabla hujathibitisha malipo, jina la mpokeaji linatokea. Pale mteja husimama na kusoma. Ubaoni kwako umeandika jina la duka, kwenye simu linatokea jina la shemeji yako ambaye hamjui. Mteja afanye nini? Wengine watalipa huku moyo unadunda. Wengine watafunga simu. Je, ni kazi kubwa kuongeza mstari mmoja, "Ukilipa jina litakalotokea ni fulani"? Mstari huo mmoja unaondoa hofu yote.

Wanunuzi wa mazao nao wana nafasi yao. Mkulima wa mahindi au mtama akiliona gari la mnunuzi, jambo la kwanza linalomjia kichwani ni lumbesa, lile gunia linaloshonewa kilemba juu mpaka linamzidi mbebaji. Sheria ya vipimo inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo huzunguka kuwakumbusha watu. Sasa wewe mnunuzi mwema, ambaye mizani yako ni halali, umewahi kuandika hivyo? Andika kwenye kundi la kijiji: "Tunanunua kwa kilo, mizani ina muhuri wa Wakala wa Vipimo, njoo upime mwenyewe." Hutahitaji kuita mara mbili.

Wa pembejeo vilevile. Badala ya kusifu mbegu, piga picha ya lebo ya TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu, kwenye mfuko, herufi zisomeke. Mkulima ameshaumizwa na mbegu zisizoota, anataka aione lebo kwa macho yake kabla hajapanda boda kuja kwako.

Hapo kwenye pembejeo niacheni niseme kosa langu mwenyewe, nisije nikaonekana nahubiri tu.

Msimu mmoja nilikuwa nasaidia duka la ndugu yangu. Mvua zilikuwa zimeanza kunukia, watu wanaulizia mbegu kila saa. Mimi nikaandika kwenye kundi: "Mbegu za mahindi zimefika." Hazikuwa zimefika. Gari lilikuwa limelala Musoma, na nilijiambia kwamba kesho asubuhi litakuwa hapa, kwa hiyo huo si uongo, ni haraka tu. Kesho yake gari likaharibika.

Akaja bibi mmoja na fimbo yake, ametembea tangu alfajiri. Nilimweleza. Nilitegemea anigombeze, na ningestahili. Hakunigombeza. Alikaa kwenye benchi, akaomba maji ya kunywa, akanyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Mwanangu, ungeandika ziko njiani, ningekuja keshokutwa."

Ziko njiani. Maneno mawili tu, yangemwokolea yule bibi asubuhi nzima. Tangu siku hiyo sijaandika "zimefika" kabla sijauweka mkono wangu juu ya mfuko.

Je, na wewe huna "zimefika" yako? Fundi nguo anayeandika "tayari Ijumaa" akijua ni Jumatatu? Mwenye mashine ya kusaga aliyeandika "tunafungua saa moja" na ufunguo anao mtu anayeamka saa tatu? Simlaumu mtu. Wote tunaandika tukiwa na matumaini. Ila matumaini tuyaandike kama matumaini.

Sasa neno kwa vijana wetu wa Mugumu na Robanda, wanaoishi kwa kupokea wageni. Ninyi mnaandika kwa watu walio mbali kabisa. Mtu yuko Ujerumani au Dar es Salaam, anajiwekea akiba ya kuja kuiona Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, iliyoanzishwa mwaka 1951 na inayojulikana kila bara. Hana njia ya kuja kukagua meno ya ng'ombe. Ana maneno yako tu.

Anakuuliza: "Nikija Februari nitaona nyumbu wakivuka Mto Mara?" Utamjibu nini? Ukweli tunaujua sote tulioishi pembezoni mwa hifadhi. Mwezi Februari nyumbu wako kusini, kwenye nyasi fupi za upande wa Ndutu, wanazaa. Wanaovuka Mto Mara utawaona zaidi kati ya Julai na Oktoba, na hata hapo mvua ndiyo mwenye ratiba, si sisi. Ukimwandikia "njoo tu, utaona kila kitu", umepata mgeni mmoja mara moja. Ukimwandikia "Februari huku kaskazini hawapo, ukitaka kuona ndama wakizaliwa nenda kusini, ukitaka kuwaona wakivuka mto njoo Agosti", umemwambia jambo ambalo anaweza kulithibitisha kwa watu kumi wengine. Atawauliza hao kumi, wote watakubaliana na wewe, na atarudi kwako.

Huenda Februari hiyo asilale kwako. Ni hasara, sikatai. Mimi naiona kama kupanda ulezi: unauacha ardhini kwanza.

Kuna mtu atauliza, hivi kuandika ni kazi ya watu wa kijijini kweli? Ndugu yangu, ni kazi yetu hasa. Kati ya mwaka 1968 na 1972 mkoa wetu wa Mara, pamoja na Mwanza, Shinyanga na Ziwa Magharibi ambayo sasa ni Kagera, ndiyo mikoa iliyochaguliwa kwa mradi wa majaribio wa kisomo, serikali ikishirikiana na UNESCO. Kiliitwa kisomo chenye manufaa. Watu wazima hawakufundishwa a, e, i, o, u za hewani. Walisoma kwa habari ya pamba, ya mifugo, ya samaki, ya ndizi, yaani kazi walizotoka kuzifanya asubuhi ileile. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama hapo jirani, akautangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima.

Kwa hiyo babu zetu na bibi zetu wa mkoa huu walijifunza kusoma kupitia kazi zao. Sisi tunashindwaje kuandika juu ya zetu?

Na kutokana na wazee hao tujifunze kuandika kwa ajili ya sikio. Ujumbe mmoja wa simu hapa kwetu husomwa na mtu mmoja na kusikilizwa na watano. Mtoto wa darasa la sita anamsomea bibi yake, bibi anauliza, mtoto anarudia. Je, andiko lako linasomeka kwa sauti? Vijana, ile x mnayoiweka mahali pa s na z, bibi ataisikiaje? "Mxigo umexhafika" ni kitu gani? Nacheka, lakini nasema kweli. Andika sentensi fupi, herufi kamili, nambari zionekane. Mambo yasiyosomeka mbele ya mzee hayafai kuwekwa ubaoni.

Jambo jingine ni kuandika bila kukatika. Mwaka 2005 mpiga picha za magazeti, Issa Michuzi, alianza kuweka mtandaoni picha na maelezo mafupi. Watanzania walio ughaibuni wakawa wanapita kwake kama mtu anavyopita barazani kusikia nani kaoa na nani kafiwa. Hakuandika insha ndefu. Watu walirudi kwa sababu walijua watakuta kitu, na kitu hicho kina picha ya kushuhudia. Wewe unayeandika mara tano kwa siku wiki ya Krismasi, kisha kimya mpaka Pasaka, mteja anajuaje kama duka bado lipo? Heri mstari mmoja kila Jumatano, mwaka mzima, hata kama mstari wenyewe unasema "wiki hii hatuna mchele, tuna unga".

Tena uandike vitu vinavyomsaidia hata asiyenunua. Fundi pikipiki, tueleze mnyororo ukianza kulia maana yake nini. Mwenye duka la dawa za mifugo, tukumbushe kutokukamua maziwa ya kunywa mara tu ng'ombe amechomwa dawa, na tusome siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye chupa. Mama ntilie, tuambie leo umepika nini na kimebaki kiasi gani saa nane. Mtu aliyesaidiwa bure na maneno yako, siku akihitaji kununua ataenda kwa nani?

Na siku ukikosea? Wote tutakosea. Mteja ameandika mbele ya kundi zima kwamba sukari uliyomuuzia ilikuwa pungufu. Damu inachemka, hasa sisi watu wa huku, tunajijua. Kidole kinataka kujibu palepale. Weka simu chini kwanza. Nenda kapime sukari. Kama ilipungua, andika palepale alipoandika yeye: "Ni kweli, ilipungua robo, nimeirudisha, mizani nimeibadilisha." Kama haikupungua, mwite aje apime mbele ya mtu wa tatu, na uandike matokeo bila kejeli. Wanaosoma kimya ni wengi kuliko ninyi wawili mnaojibizana, na hao ndio wanaoamua wataenda duka gani.

Sheria nayo ipo, nitaigusa tu. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mteja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda habari za mtu, kwa hiyo kabla hujaweka picha ya mteja wako akiwa na kichwa chenye povu, muulize. Hilo mama zetu walitufundisha kabla ya Bunge: ya mgeni wako usiyatoe nje bila ruhusa yake.

Kijijini kila mmoja ana sehemu yake. Baba, ukimwona binti anaandika tangazo la maandazi ya mama yake, kaa naye dakika tano, muulize maswali ambayo mnunuzi angeuliza. Mwalimu, kwenye somo la Kiswahili waache watoto waandike tangazo la duka halisi la kijiji, kisha waende wakalinganishe na kilichopo dukani. Kijana wa boda, wewe ni gazeti linalotembea; ukiulizwa wapi kuna saruji, sema uliyoiona, na kama umesikia tu, sema umesikia. Ndugu mtendaji, ubao wa ofisi ni wako: kila karatasi iwe na tarehe, na iliyopitwa na wakati itolewe. Mbao nyingi za matangazo bado zinatuita kwenye mikutano ya mwaka jana.

Na sisi wanunuzi? Tusikae kama watazamaji wa mpira. Ukiuziwa vizuri, andika ulichouziwa na kwa nini ulipenda: "Viatu vya mtoto nilivyonunua Januari bado havijaachia soli." Hilo lina nguvu kuliko "asante sana Mungu akubariki", ingawa baraka nazo zinahitajika. Ukiuziwa vibaya, mwendee mwenye duka kwanza kabla ya kundi. Na ujumbe usioujua ulikotoka, wa mkopo usio na riba au kazi ya mshahara mnono, uishie kwenye simu yako. Jirani akiupata kutoka kwako ataamini jina lako, si maneno ya ujumbe. Umeshamkopesha tapeli jina.

Basi, ndugu zangu, jioni ya leo chukueni kalamu au simu. Andika mistari mitatu juu ya unachouza: ni nini, ni bei gani, kinapatikana wapi na lini. Mpe mtu wa nyumbani aisome kwa sauti. Swali la kwanza atakalouliza, jibu lake liwe mstari wa nne.

Mimi siku ya gulio nitapita sokoni na kikapu, nyumbani tumeishiwa mboga. Nitaanza kwa yule mama aliyeandika kwamba gunia la pili lina mchanga.